Ugonjwa wa "Umekula?"

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Nahariri. Wenzangu hujifungia chumbani wakalia, au hupiga simu wakamtolea mtu uvivu. Mimi hufungua ile ensaiklopidia ya mtandaoni ya Kiswahili ninayoihariri kwa kujitolea, nikatafuta makala iliyoandikwa ovyo, nikaikatakata mpaka roho itulie. Mchana mimi ni Mwalimu Bochaberi, nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Nyakoe. Jioni mimi ni Nyukimkali, na wanaoandika uongo huko mtandaoni wananijua vizuri.

Kwa majuma kadhaa hasira zangu zote zilikuwa za mtu mmoja aliyejiita Mtabibu wa Moyo. Huyu bwana aliandika makala kuhusu ugonjwa aliouita hofupendo. Hofupendo! Nilipekua kamusi zangu zote, nikapekua vitabu vya saikolojia, sikuliona neno hilo hata kwa bahati mbaya. Eti ni hali ya kisaikolojia inayompata mtu ambaye akiambiwa anapendwa hushikwa na woga, akabadilisha mazungumzo, "na kwa kawaida huuliza habari za chakula." Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Nikasema huyu mwandishi ana njaa.

Nikamwekea bango jekundu juu ya makala yake: inapendekezwa ifutwe, haina chanzo cha kuaminika. Akanijia juu. Nami nikamjia juu zaidi.

"Watu wanalitumia," aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano. "Hata redioni limetajwa."

"Redio imelitoa kwako!" nilimjibu. "Limo humu kwa sababu redio imelisema, na redio imelisema kwa sababu limo humu. Huo ni mzunguko, si ushahidi."

"Wewe Nyukimkali huna moyo."

"Ninao, asante. Hauna hofupendo tu."

Lakini usidhani maisha yangu yalikuwa magomvi matupu. Nilikuwa na Anyona.

Sijui nikueleze vipi kuhusu Anyona bila kujiaibisha. Ni mshauri nasaha pale Kisii mjini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na macho yanayokusikiliza hata kabla hujasema. Akiingia mahali mimi husahau nilichokuwa nikisema. Nampenda, na sina njia ya kulipunguza hilo. Ila nina kasoro moja. Anyona akinishika mkono akasema, "Bochaberi, nakupenda," kifua changu hujaa, machozi husogea, mdomo hufunguka, halafu, haki ya Mungu, ninachosema ni, "Umekula?"

Naye hutazama chini, akacheka kidogo cheko lisilo na furaha yote. "Nimekula," husema.

Basi, Jumapili ile watu wa Anyona walikuja kwetu Nyamira kujitambulisha. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na chinsaga iliyolala kwenye maziwa ili uchungu wa mboga hiyo upungue, na wimbi ilikuwa imeshasagwa kwa ajili ya ugali. Baba, mzee Nyabuto, aliyezoea gambuti za shambani, alivaa viatu vyake vya kanisani akavisugua tena, ingawa Sabato ilikuwa jana yake tu na bado viling'aa.

Gari lilisimama penye uzio wa majani chai. Akashuka mzee Ombati, baba yake Anyona, mtu wa maneno machache. Akashuka Anyona na shati jeupe, nami nikashika fremu ya mlango. Kisha akashuka Anti Esnah kutoka Kiogoro, na hapo ndipo kila mtu aliponyoosha mgongo. Mama yake alifariki Anyona angali mtoto mchanga, na shangazi huyu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwombea. Mzee Ombati alikuwa amemwambia baba yangu kwenye simu wazi kabisa: "Esnah akikubali, mimi nimekubali. Esnah akikataa, tutakunywa chai tuondoke."

Kabla hata hajatusalimu, Anti Esnah alimgeukia Anyona, akamtengeneza ukosi wa shati. "Wewe umekula? Asubuhi chai hukuimaliza."

"Nimekula, Anti."

Tukaingia, tukasalimiana, baba akaomba. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kikisii cha nyumbani, mimi nakuletea kwa Kiswahili. Mama aliinuka kwenda kuleta chakula, na Anti Esnah akainua mkono.

"Mama Bochaberi, kaa kwanza. Kabla sijala chakula cha mtu, napenda kumwambia kilicho moyoni."

Mama akakaa, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Msichana ni mzuri," Anti alianza. "Amesoma, ana adabu, sina neno. Lakini nimemuuliza Anyona, huyu msichana anakupenda? Akasema anapenda. Nikamuuliza, amekuambia? Kijana akanyamaza. Nikamuuliza, ukimwambia wewe unampenda, anajibu nini?" Akatoa simu mkobani, akavaa miwani. "Akanieleza. Sasa, kuna kitu nilisikia redioni nikakitafuta. Kiko kwenye ile ensaiklopidia. Si umbea wa mtaani huu, ni ensaiklopidia. Nisomeeni, au nisome mwenyewe?"

Akasoma kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko. "Hofupendo ni hali ya kisaikolojia..." Alisoma yote. Akafika mahali sikuwa nimewahi kupaona, mtu alikuwa amepaongeza majuzi: "Hali hii hurithiwa kutoka kwa mama. Wenye hofupendo hawadumu katika ndoa, na watoto wao hukua bila mapenzi."

Mama akasimama na mwiko wake.

"Hurithiwa kutoka kwa nani?"

"Mama Bochaberi, si mimi, ni..."

"Kwa mama? Mimi? Nimekaa na huyu mzee Nyabuto tangu nikiwa msichana, nimezaa, nimelea, leo simu inaniambia mimi ni mgonjwa na nimeambukiza mtoto?"

"Sisemi kwa ubaya," Anti alisema, na nikaona kweli hasemi kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Huyu kijana hakupata mama. Nataka apate mke wa kumwambia anapendwa. Ni kosa?"

Hapo mimi, nisiyepiga kelele, nilisimama. "Anti, samahani. Hiyo makala naijua. Si ya kuaminika. Mimi ndiye niliyeiwekea lile bango jekundu hapo juu."

Nilitarajia Anti ndiye ashtuke. Aliyeruka kwenye kiti ni Anyona.

"Wewe?" alisema. "Bochaberi, wewe ndiye Nyukimkali?"

Nikamtazama. Hakuna mtu sebuleni aliyekuwa ametaja jina hilo. Lile neno "chakula" nililolicheka likanirudia vizuri sana.

"Kumbe ni wewe," nikasema. "Twende nje."

Nilitembea mbele mpaka kando ya majani chai, yeye nyuma. Nilitamani simu nihariri kitu, chochote.

"Uliniandika," nikasema. "Mimi! Ukanifanya ugonjwa, ukanitundika mtandaoni, dunia nzima inisome."

"Sikukutaja."

"Shangazi yako amenitambua bila kutajwa! Ameketi sebuleni kwa mama yangu akatusomea hukumu. Anyona, nilikudhania mtu wa kunisikiliza."

"Nilikusikiliza ndiyo maana niliandika!" Sauti yake ilipasuka, na sikuwahi kuisikia hivyo. "Unajua inavyokuwa? Nakuambia kitu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo, wewe unaniuliza kama nimekula. Kila mara. Nilipekua vitabu nijue una nini. Vyote viliandikwa na watu wa mbali kuhusu watu wa mbali. Hakuna hata kimoja kinachojua watu wa hapa. Nikasema, basi nitatunga jina mwenyewe. Maneno yote si yalitungwa na mtu? Tungoje wageni watupe majina ya mioyo yetu mpaka lini?"

Hapo alinibana kidogo, nakiri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, napenda mtu anayetunga neno.

"Tunga," nikamwambia. "Litunge, liandike kwenye blogu yako, lifundishe, wengine walichunguze, walikatae au walikubali. Neno likishatembea lenyewe, litakuja kwenye ensaiklopidia na nitalifungulia mlango kwa mikono miwili. Lakini wewe umelizaa asubuhi, jioni umeliandikia kama ugonjwa uliothibitishwa. Na angalia. Mtu mwingine amekuja akaongeza eti linarithiwa. Mwingine amesema tunavunja ndoa. Redio imebeba. Shangazi yako ameamini, kwa sababu mahali pale ni pa kuaminika! Je, ni wasichana wangapi wengine wamesomewa kitu hicho?"

Nilimwona akifikiria wasichana hao.

"Ungeniuliza tu," nikasema, sauti ikinishuka. "Ungeniuliza nina nini."

"Nilikuuliza. Ukaniuliza kama nimekula."

Sikutaka kucheka. Nilicheka. Kisha machozi yakaja nyuma yake bila hodi.

"Anyona, nisikilize. Katika nyumba ile sijawahi kusikia mtu akimwambia mwingine anampenda. Hata siku moja. Lakini baba akichelewa shambani, mama halali, anakaa na chakula jikoni apate kukipasha. Mimi nikirudi kutoka shule, kabla ya salamu, umekula? Nikifaulu mtihani, umekula? Nyanya alipofariki, baba hakulia, alizunguka akiuliza watu wote kama wamekula. Hilo ndilo neno nililopewa. Wewe ukisema unanipenda, natafuta neno kubwa kuliko yote ninayoyajua, na ndilo hilo linalotoka. Si woga. Nakujibu!"

Anyona alinitazama, na ilikuwa kama ananiona upya. Aliweka mikono kichwani.

"Yesu wangu," alisema. "Umekuwa ukinijibu wakati wote."

"Wakati wote."

"Na mimi nimekuita mgonjwa."

"Na una bahati sijakufuta na wewe."

Alinisogelea, akanishika vidole vya mkono, taratibu, kama anaomba ruhusa. Kutoka hapo tuliona pazia la sebule likitikisika. Walikuwa wanatuchungulia wote, hata mzee Ombati.

"Nikisema ukweli mle ndani," alisema, "Anti atajua alichokiamini kimetoka kichwani mwangu. Amenisomesha, Bochaberi. Anatangaza kanisani kwamba mimi ni mtaalamu. Itamuuma."

"Ninajua."

"Na nisiposema, atakukataa."

Sikumsaidia. Kuna mambo ambayo ukimsaidia mtu unamnyang'anya. Nilimwachia mkono, nikarudi ndani peke yangu nikakaa karibu na mama, nikaomba kimoyomoyo kwa bidii ambayo sijawahi kuomba nayo.

Anyona aliingia baadaye kidogo na simu mkononi. Hakukaa.

"Anti, baba, wazee wangu. Hofupendo ni mimi niliyeitunga."

"Uliitunga vipi?" Anti aliuliza. "Uliigundua?"

"Hapana, Anti. Niliitunga. Sijafanya utafiti. Sijapima mtu. Nilikuwa na maumivu yangu kwa huyu msichana, nikayavika koti jeupe la daktari. Habari ya kurithi sijui ameiongeza nani, lakini mlango niliufungua mimi. Mama," alimgeukia mama yangu, akainamisha kichwa, "nakuomba msamaha. Huna ugonjwa. Bochaberi hana ugonjwa."

Akasoma alichokuwa ameandika kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya kila mtu duniani mwenye mtandao: "Mimi Mtabibu wa Moyo ndiye mwandishi wa makala hii. Neno ni langu, utafiti hakuna. Nyukimkali alisema kweli tangu mwanzo. Naomba ifutwe."

Sijui kama umewahi kushinda mjadala na kupata mchumba kwa sentensi moja. Nilihisi nakua hapo hapo kwenye kiti. Nilitaka kumkumbatia mbele ya wazee wote na nikajishika kwa nguvu.

Lakini Anti Esnah alikuwa amevua miwani na uso wake umekunjamana. Ilimuuma, kama alivyosema Anyona. "Kwa hiyo nimekuja nyumba ya watu kuwatusi na karatasi ya uongo," alisema polepole. "Sawa. Lakini swali langu liko pale pale. Neno limekufa, sawa. Msichana bado hasemi. Mwanangu bado haambiwi."

Lilikuwa swali zuri. Nikavuta pumzi.

"Anti, naomba nikuulize kitu kwa heshima. Mzee wako, Mungu amrehemu, alikuwa akikuambia anakupenda?"

Mama akanikanyaga mguu. Anti alinikodolea macho. Halafu kitu kikacheza pembeni mwa mdomo wake.

"Mara moja," alisema. "Mara moja tu. Nilidhani ana malaria. Nikamchemshia uji."

Baba yangu ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa ili afiche, ikashindikana, akacheka mpaka akajishika magoti. Mzee Ombati naye akaangua kicheko nisichodhani anacho.

"Na ukimpigia Anyona simu," niliendelea, "neno lako la kwanza ni gani? Na leo, mliposhuka kwenye gari, kabla hujatusalimu sisi, ulimuuliza nini?"

Nilimwona Anti akirudi nyuma miaka yote, kwenye kila simu, kila sahani, kila kikombe cha chai ambacho mtoto yule asiye na mama hakukimaliza. Mkono wake ukaenda kifuani.

"Wee!" alinong'ona. "Kumbe na mimi."

"Na wewe, Anti," Anyona alisema. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya kiti chake. "Hukuniambia hata siku moja. Na hakuna siku sikujua."

Anti Esnah alilia, na hakuficha. Mama akamwekea mkono begani, mwiko na yote. "Basi kama huu ni ugonjwa," mama alisema, "Kisii na Nyamira tulazwe wote, na hospitali haitatosha."

"Nani atatupikia wodini?" Anti alijibu katikati ya machozi, na wote wawili wakacheka kwa sauti moja, na hapo nikajua nimeolewa, hata kama mahari ilikuwa haijatajwa.

Simu yangu ikalia. Mhariri mwenzetu, mtu asiyenijua wala kumjua Anyona, alikuwa amefunga mjadala: mwandishi mwenyewe ameomba, makala imefutwa. Niliwasomea. Baba akapiga makofi kama tumefunga bao. Anti Esnah alijaribu kufungua ule ukurasa kwenye simu yake, akaona patupu, akaridhika.

"Ila wewe," Anti alimwambia Anyona akimnyooshea kidole, "lile neno kalifanyie kazi vizuri. Uulize watu. Uanze na mimi, nitakueleza yote kuhusu ule uji."

"Na akimaliza," nikasema, "na wengine wakalichunguza, makala nitaiandika mimi. Na bango sitaweka."

"Nyukimkali ameahidi," Anyona alisema. "Nina mashahidi."

Chakula kikaletwa. Ugali wa wimbi ulikuwa umepoa kidogo na hakuna aliyejali. Anti Esnah alijipakulia chinsaga mara ya pili bila kungojea kukaribishwa, na mama alipoona hivyo uso wake uling'aa kwa furaha. Wazee walikuwa wameshaanza kuongea juu ya siku ya kurudi rasmi, na mimi nilikuwa napita na birika la maji ya kunawa, sijakaa, sijagusa kitu tangu asubuhi kwa wasiwasi.

Anyona akainuka mezani. Aliniondolea birika mkononi, akaliweka chini. Akachukua sahani safi, akaweka ugali, akaweka mboga, akachagua lile paja la kuku ambalo mama alikuwa amemwekea yeye mgeni. Alisimama mbele yangu na sahani ile, macho yake yakinitazama bila kukwepa.

"Bochaberi," alisema. "Umekula?"

Mama hakunikanyaga safari hii. Kifua changu kikajaa, machozi yakasogea, mdomo ukafunguka.

"Nami nakupenda, Anyona," nikasema.